Aliyekula Hakuapa

Nimewahi kumwona mtu akila mbuzi wa watu, akaramba vidole, akaomba kuongezewa supu, kisha baada ya miezi michache akamshtaki mbuzi yule yule katika Mahakama Kuu ya Machakos. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwepo mbuzi alipoliwa, nilikuwepo kesi yake iliposikizwa, na hati za upande wetu nilizipiga chapa mimi mwenyewe. Tangu siku hizo nikimwona wakili mwenye tai akisogezewa sahani ya nyama, mimi huhama meza.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa wakili mmoja mjini Machakos, ofisi yake ikiwa ghorofani juu ya duka la mbegu, vyumba viwili vilivyonuka karatasi na dawa ya kuua dumuzi. Wakili wangu alikuwa mtu mwema, mnene, mpenda nyama na mwoga wa majaji. Mimi kwetu ni Mitaboni. Baba alikuwa ameshatutoka. Mama yangu, ambaye mimi na nusu ya kijiji tulimwita mwaitu, mama yetu, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mishiri. Mishiri ni yale maharagwe mabichi membamba ambayo sisi wenyewe hatuyali. Tunayalima, tunayachuma kwa kucha safi, yanapanda ndege yanakwenda kuliwa na Wazungu.

Kampuni moja kutoka Nairobi ilikuja na mkataba mnene kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Wao wangeleta mbegu na dawa, sisi tungelima, na lori lao lingepita mara tatu kwa wiki kuchukua kila debe lililofaa. Watu wa kwetu si wepesi wa kuamini kampuni. Waliamini kwa sababu mwaitu alizunguka nyumba kwa nyumba akisema, "Mimi nimesomewa hii karatasi, iko sawa, wekeni kidole." Wakaweka kidole. Wakang'oa mahindi kwenye matuta ya karibu na kijito, wakang'oa hata mihogo, wakapanda kitu wasichoweza kukitia mdomoni. Kwa hiyo kesi ilipokuja, kwa wengine ilikuwa kesi ya mazao. Kwa mwaitu ilikuwa kesi ya neno lake. Ama kampuni ilipe na neno lake lisimame, ama abaki mama aliyewafanya watu wang'oe mahindi.

Msimu wa kwanza lori lilikuja. Msimu wa pili, mishiri ilipokuwa imeshona matuta yote, lori likakatika. Mishiri haingoji mtu. Ukiiacha siku mbili inanenepa, inaota nyuzi, haifai tena. Wanawake waliendelea kuchuma na kurundika katika kibanda cha kukusanyia, wakikaa pale na vikapu vyao wakitazama barabara. Lori la kampuni tuliliona, tena likipita na kutuacha, likienda ng'ambo ya mlima ambako kulikuwa na watu waliokubali bei ya chini. Dereva hata hakugeuza shingo. Marundo yalianza kutoa maji ya kijani, kisha inzi, kisha uvundo ambao ulitufuata mpaka kanisani. Mwishowe ng'ombe ndio waliokula mishiri ya Ulaya.

Mkataba ulisema tukikosana tusiende kortini moja kwa moja. Kwanza tuchague mwamuzi, mtu wa nje ambaye pande zote mbili zinamkubali, atusikilize na kutuamulia, na atakachoamua kitufunge sote. Akachaguliwa afisa wa kilimo mstaafu, mzee mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alitusikiliza siku kadhaa katika ukumbi wa hoteli mjini. Upande wetu alikuwa wakili wangu. Upande wa kampuni alikuwa wakili kijana kutoka Nairobi, viatu vinang'aa, sauti tamu, kila baada ya sentensi mbili anasema "kwa heshima zote" na unajua hapo hakuna hata chembe ya heshima.

Baada ya mashahidi, mwamuzi akasema anataka kuja Mitaboni aone matuta kwa macho yake. Sasa hapa ndipo palipoanza mambo. Ukimwambia mama wa Kikamba kwamba wageni watatu watapanda mlima waje kwake, usidhani atakaa afikirie sheria. Atafikiria nyama. Kwetu, mueni, yaani mgeni, akishaona moshi wa jiko lako hawezi kushuka na mdomo mkavu. Ni aibu itakayosimuliwa mpaka kwenye mazishi yako. Wanawake wa kikundi walikutana, wakatoa mbuzi mmoja dume, mwaitu akapika muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kuondoa maganda na kuchemshwa na maharagwe mpaka yakalegea. Hakuna aliyenong'onezana na mwenzake. Walipika mlango wazi, mbele ya wakili wa adui, kama wanavyompikia askofu, chifu au daktari wa ng'ombe.

Mwamuzi alizunguka kila tuta. Alichutama, akashika udongo, akauliza maji yanatoka wapi, nani anapiga dawa. Wakili wa kampuni alimfuata akiruka ruka ili viatu visiingie matope. Waliporudi uani wakakuta meza imetandikwa. Mwamuzi akasimama. Nakumbuka uso wake, ulionyesha haya.

"Sijui kama inafaa nikule hapa," akasema.

Wakili wangu alitazama nyama, akatazama mbingu. Aliyejibu ni wakili wa kampuni, tena tayari ameshavua koti.

"Mwamuzi, wacha tukule. Hawa akina mama wametaabika. Tukikataa wataona tumewadharau."

Nilimpenda kwa maneno yale. Nilisema moyoni, kumbe huyu kijana ana mama. Wakaketi wote watatu, wakala. Yeye ndiye aliyekula kuliko wote, na wakili wangu hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi mezani. Aliomba supu mara ya pili, akauliza mbuzi wa huku wanakula majani gani mpaka nyama inakuwa tamu hivi. Mwaitu alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Walipoaga, kila mgeni akapewa jogoo aliyefungwa miguu. Ndiyo desturi. Mgeni mkubwa haondoki mikono mitupu. Mwamuzi alimshika jogoo wake kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani, hajui amweke wapi. Wakili wangu akamtia wake ndani ya gunia. Wakili wa kampuni akamwambia dereva atafute boksi, alitoboe matundu, jogoo asije akachafua kiti cha gari. "Ahsante sana, mama," akasema, na akampa mwaitu mikono miwili.

Baada ya wiki kadhaa mwamuzi akatoa uamuzi wake. Niliusoma wote nikiwa kazini, na mpaka leo nasema ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili na haya. Aliandika kwamba fidia ya mkataba uliovunjwa si adhabu wala si sadaka. Ni kumsimamisha mtu pale ambapo angesimama kama mwenzake angetimiza neno lake. Akahesabu mavuno ambayo matuta yale yangetoa, akatoa gharama ambazo wakulima hawakuzitumia tena lori lilipokatika, akabakisha hasara halisi. Wakili wa kampuni alikuwa amedai kitu ambacho nilipokipiga chapa katika kumbukumbu za kikao nilitaka kutema mate kwenye mashine. Alidai kwamba kwa kuwa ng'ombe wetu walikula mishiri iliyooza, basi walitoa maziwa, na thamani ya maziwa hayo ikatwe kwenye fidia. Ati tulifaidika. Watu wameng'oa chakula chao, wanalala na uji, na mtu anahesabu chuchu za ng'ombe wao! Mwamuzi alimjibu kwa mstari mmoja kwamba ng'ombe wale wangekula hata bila kampuni kuvunja mkataba.

Kampuni ikaamriwa ilipe. Mitaboni watu waliokuwa wakimpita mwaitu kanisani kama nguzo walianza tena kumpa mkono. Mama mmoja aliyemtukana hadharani kwa sababu ya mihogo yake alimletea ndizi. Mwaitu nilimsikia akiimba jikoni.

Sheria inampa aliyeshindwa miezi mitatu kwenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi wa namna ile utupwe. Kampuni ilitulia tukadhani imekubali. Miezi ikikaribia kwisha, tarishi akapanda ngazi zetu na bahasha. Ndani kulikuwa na ombi lenye sababu mbili. Ya kwanza, mwamuzi alikosea kupima hasara, na maziwa yalipaswa kukatwa. Ya pili, mwamuzi alihongwa mbuzi.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikasoma tena. "Mwamuzi alikirimiwa na wadai kwa mnyama aliyechinjwa mahususi kwa ajili yake." Kwa ajili yake! Nikatafuta jina la aliyekula supu mara mbili, silioni. Hati ya kiapo ilikuwa imeapwa na meneja wa kampuni, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Mitaboni. Aliapa kwamba mambo hayo ameambiwa na wakili wake, na kwamba anayaamini kuwa kweli. Ndivyo sheria inavyoruhusu. Aliyekula hakuapa, aliyeapa hakula. Nilienda msalani nikanawa uso, na maji ya bomba yalinuka kutu, nikahisi kama nimenawa uchafu juu ya uchafu.

Wakili wangu alikaa nyuma ya meza yake akijipapasa kidevu. Nilimuuliza, "Wakili, si yeye ndiye alisema wakule?"

"Ni yeye," akasema.

"Na wewe ulijua haifai?"

"Nilijua haipendezi. Lakini nyama ilikuwa imeiva." Alisema hivyo bila kutania, na hapo kinyaa changu kikagawanyika mara mbili, nusu kikaenda Nairobi, nusu kikabaki pale pale ofisini.

Mwaitu akaja kutoa kiapo chake cha kujibu. Alivaa nguo ya kanisa. Nilimsomea hati ya kampuni nikiitafsiri kwa Kikamba, na nilipofika kwenye neno la hongo akasema, "Asi!" akashika kifua. Hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Huyu kijana wakili, mama yake anaishi?"

Tukaanza kuandika. Alieleza mbuzi, alieleza muthokoi na supu iliyoombwa mara ya pili, alieleza nani alisema tule. Alipoanza kueleza majogoo, wakili wangu akainua mkono.

"Hapo tuache, mwaitu. Wao wamesema mbuzi tu. Jogoo hawajamtaja, kwa sababu yule wakili naye alibeba wake. Tukinyamaza, watanyamaza."

"Lakini niliwapa."

"Najua. Sisemi udanganye. Nasema usiseme."

Mwaitu alitazama Biblia iliyokuwa kwenye rafu, ile ya kuapishia watu, yenye jalada lililolainika kwa mikono ya wengi. "Mimi nitaapaje nusu?" akasema. "Mungu atauliza na ile nusu ingine. Andika jogoo."

Nikaandika jogoo. Niliandika wazi kabisa, kila mgeni wake mmoja, na wa wakili wa kampuni nikamwandika kwa furaha. Nilidhani tumemkamata. Nilidhani jaji akisoma kwamba mshtaki naye alikula na kubeba, atamfukuza hata kabla hajafungua mdomo. Ndiyo hesabu ya mtu asiyejua korti, ingawa nilikuwa nikifanya kazi hatua chache kutoka mlangoni mwake.

Siku ya kusikizwa, wanawake wa kikundi walijaa viti vya nyuma. Jaji alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyokuwa ikiteleza. Sababu ya kwanza aliimaliza upesi. Wakili wa kampuni alipoanza habari za maziwa, jaji alimwambia mahakama haipo pale kupima hasara upya. Mwamuzi mlimchagua wenyewe, akasema jaji, hesabu ni yake, hata kama mimi ningehesabu vingine. Rufaa kuhusu hesabu hamkuiweka katika mkataba wenu. Kaa nayo. Nyuma yangu nikasikia akina mama wakipumua.

Kisha mbuzi akaitwa. Wakili wa kampuni aliomba kumhoji mwaitu juu ya kiapo chake, naye mwaitu akapanda kizimbani. Alikataa mkalimani, akasema Kiswahili chake kinatosha.

"Mama, ulichinjia mwamuzi mbuzi?"

"Nilichinjia wageni. Hata wewe ulikuwa mgeni. Ulikuja ukakula."

"Jibu swali tu, mama."

"Si nimejibu. Ulikula kushinda wote, nikafurahi."

Watu wakacheka. Jaji akashusha miwani akamgeukia wakili. "Ni kweli ulikula?"

"Mheshimiwa, nilikula chini ya pingamizi."

"Na supu ya pili? Hiyo nayo ilikuwa chini ya pingamizi?"

Korti nzima ilicheka, hata karani wa jaji. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nilidhani kicheko ni ushindi. Wakili wa kampuni alitabasamu kidogo, akangoja kelele zitulie. Yeye ndiye aliyekuwa akijua anakokwenda.

"Mama, katika kiapo chako umesema ulimpa mwamuzi kuku. Ulimpa ama hukumpa?"

"Nilimpa jogoo."

"Alikuwa hai?"

"Sasa ningempa amekufa?"

"Akaenda naye nyumbani kwake?"

"Aende naye wapi kwingine? Na wewe wako ulienda naye. Wako ndiye alikuwa mkubwa."

"Kwa heshima zote, mama, mimi sikuwa naamua kesi. Asante. Sina swali lingine."

Alisema asante ile ile aliyoisema uani kwetu, kwa sauti ile ile. Nilimtazama mdomo wake. Mdomo ulikuwa safi, umepakwa mafuta. Wazee husema fadhila ya punda ni mateke, lakini punda hupiga mateke kwa hasira. Huyu alipiga kwa adabu.

Uamuzi ulisomwa baada ya majuma machache. Jaji alisema haoni ushahidi kwamba mwamuzi aliuza haki. Akasema mlo ulioliwa na wote mezani pamoja, kwa idhini ya wote, anaweza kuufumbia macho. Lakini zawadi iliyobebwa nyumbani na mtu anayeamua kesi, ikitoka kwa mmoja wa wanaoamuliwa, hiyo haifumbiwi macho, hata iwe ndogo namna gani, hata itolewe kwa moyo safi namna gani. Mtu wa nje akiiona atasema nini? Haki lazima ifanyike na pia ionekane ikifanyika. Akamsifu mwaitu kwa ukweli wake. Alimsifu kwa sentensi nzuri kabisa, kisha kwa ukweli huo huo akautupa uamuzi wote, akaamuru tuanze upya mbele ya mwamuzi mwingine.

Nimekaa na mawakili miaka mingi tangu siku ile, na lazima niseme jambo hili ingawa linanichoma. Jaji hakukosea. Ningekuwa mimi ndiye niliyeshindwa, na mwamuzi amebeba jogoo wa mwenzangu, ningepiga mayowe mpaka Nairobi. Hilo ndilo linalonitapisha zaidi. Jaji angekuwa mwongo, tungepata mtu wa kumlaumu. Sisi tulibaki na sheria iliyo sawa, mikononi mwa mtu aliyeoza, na haina namna ya kumnusa.

Kijijini habari haikufika ilivyosomwa. Korti ilisema mwaitu hakuhonga. Kufika Mitaboni, ilikuwa, mwaitu alijaribu kuhonga akashikwa. Wengine walisema wazi afadhali angemhonga jaji mwenyewe, kuliko kupoteza mbuzi wa kikundi kwa mzee asiye na nguvu. Wengine waliuliza kwa nini alitaja jogoo. Mama wa ndizi alirudi kumpita kama nguzo. Kwa wiki nyingi mwaitu alikuwa akiketi jikoni na mlango umefungwa, yeye ambaye mlango wake ulikuwa haujui komeo. Aliniambia siku moja, "Nilifikiri ni chakula. Kumbe ni makosa." Nikataka kumwambia ni chakula, lakini sikupata maneno ambayo yangeshinda ya jaji.

Nitasema mapema ili usihangaike: mwishowe tulilipwa. Mwamuzi wa pili alitoa fidia, pungufu kuliko ya kwanza, na kampuni ikalipa kwa kuchelewa na kwa kuguna. Watu wakanunua mbegu za mahindi. Lakini si malipo ninayoyakumbuka. Ninayoikumbuka ni siku mwamuzi huyo wa pili alipokuja kuona matuta.

Alikuwa mama mtu mzima kutoka Nairobi, mhandisi wa maji, mwenye kikohozi. Ulikuwa mwaka wa kiangazi, kijito kimebaki madimbwi, na wanawake wakitembea mbali kutafuta maji. Wakili wangu alikuwa amempigia mwaitu simu ya kibanda cha sokoni, akamwonya: hakuna mbuzi, hakuna kuku, hakuna chai, hata muhogo usionekane. Mwaitu alitii. Alizima jiko tangu asubuhi ili moshi usionekane. Alitoa viti, akaviweka juani kwa sababu kivuli cha nyumba kilikuwa upande wa jikoni, na hakutaka mtu aseme wageni walikaa karibu na vyungu.

Walipanda mlima kwa vumbi. Wakili wa kampuni alikuwa yeye yule, viatu vipya. Alimsalimia mwaitu, "Habari yako, mama," kama mtu ambaye hajawahi kumjua. Mwaitu akajibu "Nzuri" na kuangalia chini. Wakazunguka matuta yaliyokauka, sasa hata hakukuwa na cha kuona isipokuwa udongo uliopasuka, na yule mama mwamuzi akawa anakohoa, anasimama, anakohoa tena. Waliporudi uani akaketi juani, akashika koo.

"Mama, naweza kupata maji kidogo?" akamwuliza mwaitu.

Nilimwona mwaitu akiinuka upesi, miguu ikitangulia kabla ya kufikiri, kisha akasimama katikati ya uwanja. Alimtazama wakili wangu. Wakili wangu akatazama viatu vyake. Mwaitu akanitazama mimi, na mimi nikawa nimekwishaanza kulia. Basi akamgeukia wakili wa kampuni, kijana ambaye angeweza kumzaa, aliyeketi kwenye kiti cha mwaitu, katika uwanja ambamo mwaitu alizalia watoto wake wote.

"Wakili," akasema, "naweza kumpa?"

Kijana akanyoosha tai yake. Aliinua kichwa akafikiri kidogo, kama vile kweli kuna kitu cha kufikiri.

"Hatuna pingamizi," akasema.

Mwaitu akaingia jikoni. Zamani angetoka na sinia na vikombe vya watu wote. Alitoka na kikombe kimoja cha bati, akampa yule mama kwa mikono miwili, akasimama mbele yake akimngojea anywe mpaka tone la mwisho. Kisha akakipokea kikombe, akaenda nacho mpaka mbele ya wakili wa kampuni, akakipindua chini, aone hakuna kitu kingine kilichokuwa ndani.